Kumchelewesha Mwizi: Historia Fupi ya Kufuli la Baiskeli

Inama nyuma ya Black Mamba yoyote iliyobaki Busia, Siaya au Mumias, uangalie juu kidogo ya tairi, pale vyuma viwili vya fremu vinaposhuka kutoka kwenye kiti. Utakuta kidude cha chuma chenye umbo la kwato, kimekazwa kwa skrubu, kutu imekila pembeni. Hilo ndilo kufuli. Mwenye baiskeli akifika anakokwenda anasukuma kishikio kidogo kwa kidole gumba, pini inazunguka, inapita katikati ya spoki na kuingia upande wa pili. Tak! Ufunguo unachomoka, unaingia mfukoni. Akirudi anauzungusha, springi inairudisha pini mahali pake, na ufunguo unabaki kwenye tundu, ukining'inia na kamba yake ya kitambaa hadi mwisho wa safari.

Nimelifikiria kufuli hili kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili kitu cha ukubwa wa kiganja. Ukilichunguza vizuri, halizuii wizi. Linafunga gurudumu, basi. Halijaifunga baiskeli kwenye kitu chochote. Mtu mwenye mabega anaweza kuinua baiskeli nzima, kilo ishirini hivi, kufuli likiwa limefungwa, akaenda zake. Akijaribu kuipanda spoki zitakatika, lakini akiibeba, kufuli halina la kusema. Hata fundi anayelifunga anajua. Nilimuuliza mmoja wa Kisumu kama linasaidia kweli, akacheka. "Mkubwa, hiyo si ya mwizi," akaniambia. "Hiyo ni ya mtu amepita tu akatamani."

Na bado kufuli hilo la kumzuia mtu aliyetamani ndilo lililolinda baiskeli za walimu, makarani, makatekista na wauza samaki wa nchi hii kwa vizazi. Kwa nini lilitosha? Na liliacha kutosha wapi?

Baiskeli tunayoijua, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na cheni inayozungusha la nyuma, ilitoka Coventry, Uingereza, mwaka 1885, mikononi mwa John Kemp Starley. Miaka mitatu baadaye, huko Belfast, Dunlop akatengeneza tairi la kujazwa upepo. Kabla ya hapo baiskeli ilikuwa mchezo wa vijana wa matajiri, gurudumu la mbele kubwa kama la gari la ng'ombe na kiti juu huko kama tawi la mti. Baada ya hapo ikawa chombo cha mtu anayekwenda kazini. Viwanda vya Uingereza, Raleigh ya Nottingham ikiwa miongoni mwavyo, vikawa na baiskeli nzito nyeusi ya kupeleka katika makoloni: keria nyuma, kengele, mudgadi za bati, na kufuli la kwato. Baadaye zikaja za India na China, Hero na Phoenix, kwa umbo lile lile. Sisi tulibadilisha jina tu, tukaiita kwa nyoka. Wajaluo wana neno lao, ndiga.

Mwafrika aliyenunua baiskeli enzi za ukoloni alinunua pamoja nayo uhusiano na ofisi. Kulikuwa na leseni ya baiskeli ya kulipia, na askari wa kuiulizia njiani, jambo lililoendelea baada ya Uhuru. Kulikuwa na nambari iliyopigwa mhuri kwenye chuma cha fremu. Kulikuwa na risiti, ambayo wazee wengine waliihifadhi katika sanduku moja na cheti cha ubatizo. Ukiulizwa baiskeli umeitoa wapi, ulitoa karatasi. Watu walilalamikia leseni ile kwa haki, maana ilikuwa kodi juu ya kodi na kisingizio cha kumnyanyasa mtu barabarani. Lakini bila kukusudia ilifanya kazi ya kufuli pia: ilimaanisha kwamba baiskeli iliyoibwa ilikuwa na jina la mtu hata ikiwa mbali naye.

Hata hivyo karatasi ilikuwa sehemu ndogo. Kilichoilinda baiskeli ni kwamba ilijulikana, kama ng'ombe anavyojulikana. Kipande cha mpira nyuma ya mudgadi kikiwa kimeandikwa maneno ya mwenyewe. Kitambaa cha kiti kilichoshonwa na shangazi. Shanga za plastiki kwenye spoki, kengele yenye sauti yake. Ulipoiegemeza chini ya mwembe sokoni, watu arobaini walijua ni ya nani na walijua wewe uko kwenye kibanda gani. Sasa mwizi aje, akute pini imepita kwenye spoki. Afanye nini? Aivunje, kelele. Aibebe begani saa sita mchana, ajitangaze. Kufuli la kwato lilikuwa linamlazimisha mwizi kufanya jambo la ajabu mbele ya watu. Mengine waliyamaliza watu.

Na hapo tusijidanganye kwa utamu wa zamani. Tunajua watu humalizaje. Kelele ya "mwizi!" katika nchi hii imeua, na inaendelea kuua, kwa mawe na kwa tairi, watu ambao walichukua vitu vya bei ya chini kuliko baiskeli, na wengine ambao hawakuchukua chochote. Kwa hivyo ninaposikia mzee akisifu siku ambazo baiskeli ililala nje bila wasiwasi, najiuliza ni nani aliyelipia usalama huo. Kufuli dogo lilitosha kwa sababu nyuma yake palikuwa na umati, na umati hauna ufunguo wa kujifungia.

Filamu ya Vittorio De Sica kuhusu wezi wa baiskeli, iliyotoka Italia mwaka 1948, inajulikana duniani kote kama filamu ya huruma. Mimi naiona pia kama filamu kuhusu macho ya watu. Antonio, baba asiye na kazi, anapata kibarua cha kubandika mabango mjini Roma, sharti awe na baiskeli. Yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka ya kitanda, anayapeleka rehani badala yake ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, Antonio yuko juu ya ngazi anabandika bango, baiskeli imeegemea karibu naye, haijafungwa. Kijana anairukia na kutoweka nayo. Antonio anapiga kelele, anakimbia, na Roma nzima inapita tu na shughuli zake. Mwishoni, baada ya kutafuta hadi kuchoka, yeye mwenyewe anajaribu kuiba baiskeli iliyoachwa mlangoni pa watu. Safari hii umati unatokea papo hapo na kumkamata. Mji ule ule, kelele ile ile. Mwenye mali anamtazama mtoto wa Antonio analia na kumwachilia baba yake. Kila nikifika hapo huwaza kwamba kama ingekuwa kwetu filamu ingemalizika vibaya zaidi.

Mji, basi, hauaminiki kama mwembe wa sokoni. Huwezi kujua kama watakuona, na wakikuona huwezi kujua watafanya nini. Ndiyo maana kufuli la maana lilizaliwa mijini.

Amsterdam walijaribu njia ya kinyume. Mwaka 1965 kikundi cha vijana waliojiita Provo kilipaka baiskeli rangi nyeupe na kuziacha mitaani bila kufuli, yeyote anayetaka apande, akifika aiache kwa mwingine. Wazo lilitokana na mmoja wao, Luud Schimmelpennink. Polisi wakazikamata baiskeli, kwa sababu sheria ya mji ilikataza kuacha baiskeli bila kuifunga. Kuiacha wazi ni kumshawishi mwizi. Sheria hiyo peke yake inachekesha, kwamba unaweza kuwa na makosa kwa kutoogopa kuibiwa. Lakini jibu la vijana linachekesha zaidi. Walipozirudishiwa, walizitia makufuli ya nambari, kisha wakaandika nambari ya kulifungulia kufuli juu ya baiskeli yenyewe. Sheria imetiiwa. Mpango wao mjini haukudumu, ila baiskeli nyeupe zisizo na kufuli zipo hadi leo katika mbuga ya Hoge Veluwe huko huko Uholanzi. Pale zinadumu. Mbuga ina ua na malango. Kwa maneno mengine, mbuga yenyewe ndiyo kufuli.

Ng'ambo ya bahari, Marekani, hakuna aliyekuwa na subira ya majaribio kama hayo. Watu walikuwa wakifunga baiskeli kwa minyororo ya kawaida na kikufuli kidogo, na wezi walikuwa na mikasi ya kukatia vyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Michael Zane wa Boston alianza kuuza kufuli la chuma kizito lililopindwa kama herufi U, akaliita Kryptonite. Ili kuonyesha uwezo wake, baiskeli ilifungwa kwenye nguzo ya mtaani Greenwich Village, New York, ikaachwa hapo siku 30. Wezi wakang'oa kila kilichong'oka. Kilichobaki ni fremu na kufuli.

Kampuni ilishangilia, na ilikuwa na haki. Lakini mtu anayetegemea baiskeli yake anaisoma hadithi hiyo kwa jicho lingine, maana fremu tupu kwenye nguzo haikupeleki kazini. Ndipo wataalamu wa kufunga wakatokea. Anayekumbukwa kuliko wote ni Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008, ambaye ushauri wake bado unabishaniwa na watu wasiopata usingizi. Yeye alisema usihangaike kuzungushia U kwenye fremu. Ipitishe kwenye rimu na tairi la nyuma, ndani ya ile pembetatu ya fremu inayobeba gurudumu hilo, kisha kwenye nguzo. Rimu haiwezi kupenya pembetatu hiyo ikiwa imefungwa, kwa hivyo gurudumu na fremu vyote vimeshikwa kwa kufuli dogo. Na kadiri kufuli lilivyo dogo ndivyo nafasi ya mwizi ya kuingiza jeki au mtaimbo inavyokuwa finyu. Gurudumu la mbele unalitafutia waya wake, au unalikaza kwa nati badala ya ule mkono wa kufungulia haraka, ambao ni zawadi kwa mwizi.

Kisha ikaja aibu ya mwaka 2004. Mwezi wa Septemba mtu mmoja alionyesha kwamba kufuli la U lenye ufunguo wa mviringo linaweza kufunguliwa kwa ganda la kalamu. Bic, ile ile ya kuandikia insha. Unaingiza upande wa nyuma wa ganda kwenye tundu, unasukuma, unazungusha, plastiki inajibonyeza kufuata pini za ndani, na kufuli la chuma kilichotiwa ugumu maalumu linafunguka kama kopo la biskuti. Kryptonite ililazimika kuwabadilishia wateja makufuli yao. Kilichouma ni kwamba gazeti moja la waendesha baiskeli Uingereza lilikuwa limeandika juu ya udhaifu huo tangu 1992. Wezi walijua. Waliokuwa hawajui ni wanunuzi.

Mambo haya hayakuwa mapya kwa watengenezaji wa makufuli. Tangu 1790, duka la Bramah mjini London lilikuwa limeweka kufuli dirishani, nalo vilevile lenye ufunguo wa mviringo, na ahadi ya gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Hobbs alilifungua, akifanya kazi kwa saa 51 zilizotawanywa katika siku 16. Waingereza walikasirika, wengine wakisema kuzungumzia udhaifu wa makufuli hadharani ni kuwafundisha wezi. Binafsi naona Hobbs alifanya jambo jema kuliko alivyodhani: alikuwa amelipa kufuli kipimo. Kabla yake kufuli lilikuwa ama linafunguka ama halifunguki. Baada yake likawa na muda. Shirika la Sold Secure la Uingereza, lililoanzishwa 1992, limeifanya hesabu hiyo kuwa kazi. Wanalishambulia kufuli kwa vifaa vya wizi, saa mkononi. Kwa miaka mingi daraja la shaba lilikuwa dakika moja, fedha dakika tatu, na dhahabu, la gharama kuliko yote, dakika tano.

Dakika tano! Hiyo ndiyo ahadi kubwa ya chuma. Na siku hizi mwizi mwenye grainda ya betri haihitaji hata hizo. Kwa hivyo swali linabaki lile lile la chini ya mwembe: katika dakika hizo, nani atakayemwona?

Huku kwetu, kuna kundi ambalo halikujali sana kufuli. Waendesha boda boda wa kwanza, waliovusha watu mpakani Busia na Malaba tangu miaka ya 1960 na kuipa kazi jina lake, hawakuwa na nafasi ya kuiacha baiskeli popote. Mchana wameikalia. Usiku iliingia ndani, ikaegemezwa ukutani karibu na kitanda, na watoto wakajifunza kuipita gizani bila kujigonga. Mwizi wa boda hakuja na mkasi. Alikuja kama abiria, wa jioni, anayekwenda mbali. Hakuna kufuli la hilo. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na injini ikachukua kazi na hata jina. Sheria nayo inajua tofauti. Ukiiba pikipiki utashtakiwa kwa kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu, cha magari, kifungo hadi miaka saba. Baiskeli haina kifungu chake. Imo katika wizi wa kawaida, kifungu cha 275, miaka mitatu, pamoja na sufuria na viatu. Simtakii mtu miaka saba kwa baiskeli. Nataja tu jinsi kitabu kinavyoipima mali ya mtu anayeuza maziwa.

Kwa Nairobi, historia hii yote inafika kwenye kikwazo ambacho Sheldon Brown hakukifikiria. Nina kufuli la U. Nalibeba kwenye kishikio chake, kilichokazwa kwenye fremu pale pa chupa ya maji ili lisigonge goti. Najua pembetatu. Sasa nilifunge wapi? Nguzo ya taa ni nene, U haizunguki. Nguzo ya alama ya barabarani ni fupi na juu haina kitu, mtu ataipandisha baiskeli na kuivusha kama ushanga unaochomolewa kwenye uzi. Uzio wa duka kubwa una bawabu, naye amepewa amri. "Baiskeli haiwezi kaa hapa, boss. Wataniuliza." Ndani kuna nafasi mia mbili za magari, zenye mistari mipya na kamera juu. Kaunti ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015, na njia za baiskeli zimeonekana hapa na pale, zingine zikiishia kwenye mtaro. Lakini njia ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni chuma kilichopindwa kama U kubwa, kichwa chini, kikachimbiwa kwenye saruji mbele ya posta, hospitali na soko, cha bei ndogo kuliko bango la kukizindulia.

Kwa kukosa chuma hicho tumerudi kwa macho ya watu, ila sasa yanalipiwa. Unampa muuza magazeti kitu kidogo, au mama wa matunda, au yule yule bawabu akishaangalia huku na huku. "Wacha hapa, lakini usikawie." Inafanya kazi, hadi siku zamu inabadilika.

Nje ya karakana moja ya Industrial Area, baiskeli za vibarua hufungwa ukutani kwa namna ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha wataalamu. Hakuna nguzo, kuna pete moja ya chuma ukutani. Kutoka hapo mnyororo mrefu unapita katika fremu zote, saba siku niliyohesabu, na kurudi kwenye pete. Ncha zake hazikuunganishwa kwa kufuli moja. Zimeunganishwa kwa makufuli saba ya Tri-Circle yaliyoshikana, moja ndani ya jingine, kama pingili za mnyororo. Yeyote akija na ufunguo wake anafungua lake, mnyororo unaachana, anatoa baiskeli yake, kisha anaunganisha upya. Kwa hizo sekunde anazohangaika na pini, baiskeli za wenzake sita ziko wazi mikononi mwake. Nilimuuliza mmoja aliyekuwa akifungua kama hawaogopi. Alikuwa na haraka, zamu yake ya usiku ilikuwa imeisha na jua lilikuwa limeshapanda. "Waogope nini?" akasema, akirudisha kufuli na kulivuta mara mbili kuhakikisha. "Tunaishi ploti moja."